Mbegu za mkrismasi zisizoota

Umeuliza kwa nini mbegu 20 za mkrismasi zimekaa udongoni mwezi mzima bila kuota. Hazijafa, ganda tu halipitishi maji. Mti huu asili yake ni misitu mikavu ya Madagaska, Bukini ya wazee wetu, na mbegu yake imeumbwa kustahimili kiangazi.

Zifukue. Kila moja isugue kwa msasa upande ulio mbali na jicho (jicho ni pale mbegu ilipokuwa imeshikamana na ganda refu), mpaka uone weupe kidogo. Ukisugua kwenye jicho utaua kiini. Kisha loweka saa 24 katika maji ya uvuguvugu. Iliyovimba panda, iliyobaki ngumu isugue tena. Kama ni nyingi, chemsha maji, epua, ndipo uzimwagie na uziache zipoe humo, usizitokose jikoni.

Panda sentimita 2 kwenda chini, kwenye viriba vyenye mchanga wa kutosha. Huota ndani ya wiki moja au mbili. Maji yakituama, shina huoza.

Kosa kubwa zaidi huja baadaye: mahali pa kupanda. Mizizi yake hutambaa juujuu na kuinua sakafu, basi acha mita 10 kutoka nyumbani na shimo la choo. Na ingawa ni jamii ya kunde, haufanyi vinundu vya naitrojeni mizizini, kwa hiyo usiutegemee kurutubisha shamba.