Haki za binadamu na sheria za vita: wakili kijana aanzie wapi?

Swali: Shikamoo Wakili Msomi. Nimemaliza Shule ya Sheria kwa Vitendo, nangoja kuapishwa. Nataka kujikita kwenye haki za binadamu na sheria ya kimataifa ya kibinadamu. Je, ni fani moja au mbili? Na niende Ulaya kwanza kusoma shahada ya pili, au nishike kesi za hapa nyumbani? – Msomaji, Mwanza

Jibu: Marahaba, msomi mwenzangu. Ni fani mbili, ila mara nyingi hukutana kwenye jalada moja.

Haki za binadamu huibana serikali siku zote, pawe na amani au vita. Sheria ya kibinadamu, yaani Mikataba minne ya Geneva ya 1949 na Itifaki zake za 1977, huanza kazi pale tu panapokuwa na mapigano ya silaha, nayo huwabana hata waasi. Chukua risasi moja. Polisi akimfyatulia mwandamanaji, utauliza kama maisha ya mtu yalikuwa hatarini na kama njia nyingine zilishindikana. Vitani, mwanajeshi anaruhusiwa kumlenga mpiganaji wa upande wa pili hata akiwa usingizini. Lakini huyo huyo akishajisalimisha, kumuua ni uhalifu wa kivita. Kwa hiyo kabla ya kuandika aya ya kwanza, thibitisha: siku ile, mahali pale, palikuwa na vita? Mawakili wengi huliruka swali hilo. Na jibu likiwa ndiyo, usizitupe haki za binadamu. Katika kesi ya Kongo dhidi ya Uganda, 2005, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitumia sheria zote mbili.

Kuhusu Ulaya, ningesubiri. Shahada itakupa mikataba, haitakupa shahidi anayeaminika. Soma hukumu ya 2012 ya Thomas Lubanga, kiongozi wa waasi wa Kongo, iliyotolewa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, kuhusu watoto wa chini ya miaka 15 waliotumikishwa vitani Ituri, mashariki mwa Kongo. Alitiwa hatiani, sawa, lakini majaji walikataa kuutegemea ushahidi wa vijana kadhaa walioletwa kama askari watoto wa zamani, wakaulaumu upande wa mashtaka kwa kuwaachia watu wa kati kazi ya uchunguzi. Baadhi ya mashahidi walizungumza Kiswahili cha Kongo. Hapo wewe una mtaji ambao wenzako wa Ulaya hawana.

Nyumbani, mlango wako ni Ibara ya 30(3) ya Katiba, inayomruhusu mtu kufungua shauri la haki zake Mahakama Kuu, na Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3. Angalia: marekebisho ya 2020 yalimtaka mlalamikaji aoneshe kwa kiapo jinsi alivyoguswa yeye binafsi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ipo Arusha, lakini Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lake la kuruhusu watu binafsi kuishtaki huko, na tangu Novemba 2020 mwananchi hawezi kuifungulia nchi yetu shauri jipya moja kwa moja. (Hilo linauma, hasa ukipita mbele ya jengo lenyewe.) Iliyobaki ni Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo haidai umalize kwanza mahakama za ndani na ambayo tangu kesi ya Katabazi, 2007, haikwepi shauri kwa sababu tu lina harufu ya haki za binadamu. Ubaya wake ni muda: miezi miwili tangu kitendo kitendeke au ukifahamu. Wengi hufia hapo.

Omba nafasi kwa wakili wa jinai, uhoji mashahidi mpaka uzoee, ndipo uombe shahada. Kifaransa anza sasa. Majalada mengi ya Kongo na Burundi yameandikwa kwa lugha hiyo.