SharePoint kwenye seva zetu: tutajuaje zinatosha?

SWALI: Taasisi yetu ina wafanyakazi 2,000. Tunahama kutoka SharePoint Server 2016 (mfumo wa Microsoft wa kuhifadhi na kushirikiana nyaraka) kwenda toleo lake jipya, Subscription Edition, kwenye seva zetu wenyewe. Tunatakiwa kutaja idadi ya seva na ukubwa wa diski. Nimesikia kuna System Center Capacity Planner: unaijazia idadi ya watumiaji, inakupa jibu. Bado ipo?

JIBU: Haipo tena. Ilitengenezewa kizazi cha 2007, na Microsoft haikutoa nyingine ya namna hiyo kwa SharePoint. Usiisikitikie sana, maana ilikisia tabia ya watumiaji, ilhali wewe tabia ya watumiaji wako unayo tayari: imeandikwa kwenye logi (kumbukumbu za matumizi) za IIS, programu ya Windows inayohudumia kurasa, za mfumo wa 2016. Kusanya logi za wiki nne, ikiwemo ya mwisho wa mwezi, kabla mtu hajazifuta ili kupata nafasi.

Zisome kwa Log Parser 2.2, zana ya Microsoft ambayo ni ya bure. Hesabu maombi yanayoifikia seva kwa kila sekunde ndani ya saa yenye msongamano mkubwa kuliko zote. Wastani wa siku nzima hauna maana, kwa sababu usiku unaushusha. Kuna mitego mitatu. Kwanza, IIS huandika muda wa UTC (saa ya kimataifa), kwa hiyo kilele cha 06:00 kwenye logi ni saa tatu asubuhi kwa Afrika Mashariki. Pili, ondoa majibu ya 401, yaani "hujathibitishwa": mtumiaji anapothibitishwa kwa NTLM, njia ya Windows ya kutambua watumiaji, ombi lake moja huweza kuonekana mara mbili au tatu. Tatu, tenga maombi ya programu ya utafutaji inayopitia nyaraka. Ni mzigo halisi kwa seva, lakini si watu.

Kama logi zimeshapotea, tumia makadirio ya zamani ya Microsoft: mtumiaji wa kawaida hutuma maombi 36 kwa saa, mzito 60. Wakiwa kazini kwa pamoja asilimia 10 ya watu 2,000, yaani 200, unapata maombi 7,200 kwa saa, sawa na 2 kwa sekunde. Idadi hiyo ni ndogo mno kwa ofisi ya leo, kwani OneDrive, programu ya mafaili ya Microsoft, huyalandanisha na seva hata mtu akiwa kwenye chai. Mimi ningeizidisha mara tano kabla ya kuiamini.

Diski ndiyo huwaumiza wengi. Kanuni ni hii: zidisha idadi ya nyaraka kwa wastani wa matoleo ya kila waraka, kisha kwa wastani wa ukubwa wake kwa KB. Halafu ongeza KB 10 kwa kila kipengele cha orodha (mstari mmoja kwenye orodha za SharePoint) na kwa kila toleo la waraka. Tuseme una nyaraka 300,000, kila moja ina matoleo 3 na KB 300, na vipengele vya orodha 900,000. Nyaraka zinakula KB milioni 270, nyongeza ni milioni 18. Jumla ni karibu GB 275.

Hesabu hiyo iko upande wa juu, kwa sababu tangu 2013 SharePoint huhifadhi vipande vilivyobadilika badala ya kurudia faili zima. Lakini haihesabu pipa la taka, ambako kilichofutwa hukaa siku 30 kikiwa bado ndani ya hifadhidata ileile. Kwa hiyo usishushe. Gawanya maudhui katika hifadhidata mbili, kila moja ibaki chini ya GB 200. Microsoft inaruhusu kuvuka hapo, ila diski lazima zihimili kiwango maalumu cha IOPS (idadi ya kusoma na kuandika kwa sekunde) kwa kila GB, na urejeshaji wa nakala rudufu unakuwa wa kusubiri sana.

Kwenye SQL Server, inayotunza hifadhidata hizo, weka MAXDOP 1, yaani kila hoja itumie prosesa moja tu. Ni sharti, si ushauri. Kama seva za SharePoint ni mashine pepe, zipe RAM isiyobadilika, kwa sababu RAM ya kupanda na kushuka huvuruga utafutaji na akiba ya pamoja (data ambayo seva hushirikiana kwenye RAM).

Kisha jaribu kwa JMeter, programu inayoiga watumiaji wengi kwa pamoja, ukitumia nakala ya data halisi. Hifadhidata ya majaribio ya GB 5 huingia yote kwenye RAM ya SQL, na diski dhaifu haionekani. Ongeza mzigo hadi ufikie mara mbili ya kilele chako. Robo tatu ya maombi yajibiwe ndani ya sekunde 1, na prosesa za seva zisivuke wastani wa asilimia 50. Angalia pia X-SharePointHealthScore, alama ya afya ya seva inayokuja kwenye kichwa cha jibu lake: 0 ni nzuri, 10 maana yake seva imeanza kukataa kazi. Idadi ya maombi kwa sekunde ikiacha kupanda wakati prosesa za seva zimepumzika, kagua kwanza kompyuta inayoendesha JMeter. Mara nyingi yenyewe ndiyo imechoka.