Kabla hujaita sampuli yako "kavu"

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya vijidudu vya udongo wa jangwani, kabla hamjagusa mashine fanyeni jambo moja. Usiku acheni kijiko cha chumvi ya mawe kwenye kisahani dirishani. Asubuhi, kwa joto na unyevu wa hapa Bagamoyo, mtaikuta imelowa na hakuna aliyeimwagia maji. Imeyavuta hewani.

Mimi somo hilo nililipata kwa hasara. Nilikuwa na vipande vya gamba la udongo wa jangwa la Namib, lile tabaka jembamba la juu ambalo sainobakteria (bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua) na kuvumwani hulishikamanisha na mchanga. Nikavitia kwenye bahasha za karatasi, nikaandika "vikavu", nikaviweka rafuni. Siku ya kupima kaboni dayoksaidi, hata vile nisivyovitia tone vilikuwa vinapumua. Nililaumu mashine wiki nzima, kumbe upepo wa bahari ulishaviamsha usiku. Tangu siku hiyo sampuli zangu hukaa kwenye chupa yenye silika jeli, zile punje za kufyonza unyevu, kifuniko kimekazwa.

Jambo linalowachanganya wengi ni hili: mvuke si maji. Kuvumwani ni ndoa ya kuvu na mwenzake anayetengeneza chakula. Mwenzake akiwa mwani wa kijani, hewa yenye unyevu mwingi peke yake yatosha kurudisha usanisinuru. Akiwa sainobakteria, anataka maji yenyewe, ya umande, ukungu au mvua. Otto Lange na wenzake, Wajerumani, walilionyesha hilo miaka ya 1980. Basi ulizeni kwanza mna nani ndani ya gamba, ndipo mpange jaribio.

Sasa rudini kwenye kisahani. Jangwani Atacama, Chile, kuna sainobakteria wanaoishi ndani ya mabonge ya chumvi. Unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, chumvi huanza kuyeyuka kwa maji iliyoyavuta, nao wakapata maji mahali ambapo mvua ni hadithi. Chumvi imewageuzia mvuke kuwa maji.

Asilimia hiyo hiyo itawafaa maabara: chumvi iliyokolea majini mpaka nyingine ikabaki chini, ndani ya chupa iliyofungwa, hushikilia unyevu hapo hapo. Ila nunueni chumvi safi ya maabara. Hii yetu ya mashamba ya pwani ina magnesi, hulowa mapema zaidi, na namba zenu zitapotoka. (Kwa samaki haina mfano.)

La mwisho, msikate tamaa mkiona gamba lililoloweshwa linatoa kaboni dayoksaidi badala ya kuinywa. Kupumua hutangulia, usanisinuru hufuata. Umande ukikauka upesi mno, kiumbe huwa ametumia akiba bila kuirudisha. Jangwani kazi yenyewe ya usanisinuru ni saa chache tu baada ya jua kuchomoza, kabla gamba halijakauka tena. Kwa hiyo mkipimia nje, vifaa viwe tayari saa kumi na moja alfajiri. Chai na vitumbua mtakula saa tatu.