Maswali ya Wasomaji: Barafu kwa Mtoto wa Miezi 20

SWALI: Binti yangu ana miezi 20, na tangu joto la Januari lianze hapa Tanga hunikimbilia kila nifunguapo friji, akitaka barafu achezee. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, anakataa kwa hofu kwamba baridi itamwingia kifuani apate kichomi. Je, mchezo huu una madhara?
Mama wa mtoto mmoja, Tanga

JIBU: Mpe, Mama, lakini usimpe vile vipande vidogo vya kwenye trei, kwa sababu mtoto wa umri huo hupeleka mdomoni kila anachokishika, na kipande cha barafu kinaweza kumkaba kooni kabla hakijayeyuka. Gandisha bonge moja kubwa: chukua kopo tupu la aiskrimu la lita moja, tia maji yaliyochemshwa yakapoa (maana atayaramba, upende usipende), na usilijaze hadi ukingoni, kwani maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9. Maji yaliyochemshiwa rosela hutoa bonge jekundu la kupendeza, ila kanga unayoithamini ikae mbali.

Bonge likitoka friza, liache mezani dakika 10 hivi hadi lianze kutoa maji, kwa kuwa barafu iliyotoka friza wakati huo huo hunasa kwenye ulimi na midomo. Kisha liweke ndani ya beseni barazani, umpe mtoto kijiko cha mbao na kikombe cha maji ya uvuguvugu. Atakapoyamwaga, bonge litalia "ta!" na mistari myeupe itatokea ndani yake, huenda akarudisha mkono haraka, akakutazama usoni kwanza, ndipo aguse tena kwa kidole kimoja. Usimharakishe. Mtajie anachokiona na kukihisi, yaani baridi, linateleza, linayeyuka, tone, kwani kwangu mimi maneno hayo yana faida kuliko barafu yenyewe. Wapo wanaonyunyiza chumvi ili bonge liyeyuke upesi. Kwa mtoto mdogo usifanye hivyo, kwa sababu mchanganyiko huo hushuka chini ya nyuzi sifuri na unaweza kumuunguza ngozi.

Kuhusu mama mkwe, mweleze kwa upole kwamba kichomi huletwa na vijidudu, hasa virusi na bakteria, wala si kwa kugusa barafu. Hata hivyo, ana haki ya kutotaka mjukuu akae na nguo mbichi kwenye upepo, kwa hiyo dakika 15 zinatosha, na mtoto akianza kutetemeka au vidole vikipoa sana, mkaushe na umbadilishe nguo mapema zaidi. Mwombe bibi huyo aketi nanyi, kwani jicho la pili linahitajika: maji ya kina cha sentimita chache tu yanaweza kumzamisha mtoto, hivyo asiachwe peke yake hata kwa muda wa kupokea simu, na mchezo ukiisha, maji ya beseni yamwagwe papo hapo kwenye shina la mpapai.