Traki za Zoom R16 kwenda kwenye kompyuta: nakili faili, usizipige upya

Mkuu, kwa nilivyokuelewa, mmerekodi kwaya kwa Zoom R16, mashine ya kurekodia muziki, kwenye traki nane (yaani sauti nane, kila moja kwenye njia yake), na ukichomeka waya kutoka kwenye mashine kwenda kwenye laptop unapata sauti moja iliyochanganyika. Ukajaribu kupiga traki mbili mbili na kuzirekodi kwa awamu, sasa dramu na waimbaji hawakutani. Na kuna mtu amekushauri ununue kifaa cha sauti cha chaneli nane. Usinunue kwanza. Traki zako zote nane ziko kwenye kadi ya SD, kila moja peke yake, safi kama zilivyorekodiwa.

R16 huandika kila maiki kama faili yake ya sauti ya WAV, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 au 24 kutegemea ulichochagua. Kinachochanganya ni matundu ya kutolea sauti: hayo yanakupa kushoto na kulia tu, tena sauti ikiwa imeshapitia vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti, pani (ya kuipeleka kushoto au kulia) na efekti zako kama mwangwi. Tundu la maiki la laptop nyingi nalo lina chaneli moja, kwa hiyo hata huko kushoto na kulia kunaishia kuwa kitu kimoja. Ama kutokutana kwa traki, sababu ni kidole: kila awamu ulibonyeza kupiga huku na kurekodi kule, na hakuna binadamu anayebonyeza sawasawa mara nne. Besi ikichelewa milisekunde 30 nyuma ya ngoma ya mguu, sikio linajua.

Sasa fanya hivi. Zima mashine, toa kadi, na kabla hujaiweka kwenye laptop sukuma kile kikufuli kidogo cha pembeni ili isiandikike. Unaweza pia kutumia waya wa USB, lakini hakikisha umechagua mashine ifanye kazi kama kisoma kadi. Ina hali nyingine ya kufanya kazi kama kifaa cha sauti cha kompyuta, na wengi huingia humo wakashangaa hawaoni faili hata moja. Mimi hutoa kadi siku zote, kwa sababu waya ukilegea katikati ya kunakili unabaki hujui kipi kimefika na kipi hakijafika.

Ndani ya kadi utakuta folda za miradi, PROJ000, PROJ001 na kuendelea, na ndani ya kila mradi kuna folda ya AUDIO. Humo faili zinaitwa MONO-000.WAV, MONO-001.WAV na kadhalika. Angalia hapa kwa makini: namba hizo si namba za traki. Kama tenor waliimba wakarudia, marudio yote yanaweza kuwa humo. Fungua faili ya PRJINFO.TXT iliyo kwenye folda ya mradi; hiyo ndiyo inaonyesha faili ipi imekaa kwenye traki ipi. Kwa hiyo nakili folda nzima ya mradi, usichambue WAV peke yake ukaacha hiyo karatasi ya maelezo nyuma.

Nafasi: traki moja ya biti 24 kwa 44,100 inakula karibu MB 8 kwa dakika. Traki nane kwa saa nzima ni kama GB 3.8. Ibaki nakala moja kwenye laptop na nyingine kwenye diski ya nje, ndipo ufikirie kufuta kadi. Ukishanakili, badilisha majina kwenye nakala ya kufanyia kazi, kamwe si kwenye ile ya akiba: 01 ngoma ya mguu, 02 besi, 03 solo, 04 kinanda, 05 sopran, na kuendelea. Miezi sita baadaye hutakumbuka MONO-005 alikuwa nani.

Kwenye programu ya kuchanganyia muziki, iwe Reaper, Cubase au Ardour, weka mradi kwenye 44,100 kabla ya kuingiza chochote. Programu nyingi hubadilisha zenyewe, ila ukikutana na isiyobadilisha, faili ya 44,100 ikipigwa kwa 48,000 inakimbia karibu asilimia 9 na sauti inapanda karibu nusutoni moja na nusu. Kwaya inasikika kama watoto, na mpiga kinanda akitaka kuongeza kitu hapati ufunguo. Kisha zichague faili zote kwa pamoja na uziburute mara moja. Reaper itakuuliza kama unataka ziwe kwenye traki tofauti au zifuatane kwenye traki moja, chagua tofauti. Zikianza zote kwenye sifuri, zinakutana zenyewe, hakuna haja ya kusogeza kitu.

Tazama urefu wa faili. Zilizorekodiwa kwa mkupuo mmoja zitakuwa na urefu sawa. Ukiona moja ni fupi, huenda iliongezwa baadaye kuanzia katikati ya wimbo, na hiyo utahitaji kuipeleka mahali pake kwa kusoma kihesabu muda cha R16. Zingine zote usiziguse.

Traki zitasikika kavu na kwaya itaonekana imepungua, maana vitelezi, pani, ikolaiza (marekebisho ya sauti nzito na nyembamba) na efekti ulizoweka wakati wa kuchanganya haviji na faili. Usisikitike. Ndicho ulichokuwa unakitafuta: sasa alto unaweza kuwapandisha bila kupandisha dramu.

Niongeze la umeme, maana linatuumiza wengi. Umeme ukikatika unaporekodi, WAV inaweza kuonekana ina urefu wa sifuri ingawa ukubwa wake kwenye diski ni mamia ya MB. Mara nyingi sauti ipo. Kilichokosekana ni kichwa cha faili kinachotaja urefu, kwa sababu huandikwa mwishoni. Usirekodi kitu kingine juu ya kadi hiyo. Inakili, kisha kwenye programu ya Audacity tumia njia ya kuingiza data ghafi: biti 24 (au 16 kama ndivyo mlivyorekodi), chaneli moja, 44,100. Ukisikia kelele tupu, ongeza baiti moja ya kuanzia, kisha mbili, mpaka sauti itokee. R16 inatumia pia betri sita za AA, na kwa kazi ya ukumbini mimi naona betri mpya ni bora kuliko kutegemea soketi ya ukutani.

Kwa watakaosoma wakiwa na mashine nyingine: Tascam DP-24 na DP-32 zina amri ya kutoa traki kama WAV, na faili hutokea kwenye folda ya AudioDepot. Behringer X32, mikisa ya kidijitali, ikiwa na kadi ya kurekodia ya X-LIVE huandika faili moja yenye chaneli zote, na ukirekodi chaneli 32 hukata kipande kipya kila baada ya dakika 11 hivi kwa sababu ya mpaka wa GB 4. Panga vipande kwa kufuatana bila pengo, kisha iambie programu itenganishe chaneli.

Kazi ngumu ya kweli iko kwenye mashine za zamani. Roland VS-880 ya 1996 huhifadhi sauti kwa mpangilio wake ambao kompyuta haisomi, kwa hiyo hapo utapiga mbili mbili kupitia waya wa kidijitali, pani moja kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa, efekti na ikolaiza zikiwa zimezimwa, na kifaa cha sauti cha kompyuta kikifuata mapigo ya saa ya kidijitali ya Roland. Weka mlio mfupi kwenye kila traki kabla wimbo haujaanza ili upate pa kulinganishia. ADAT, mashine ya kidijitali ya traki nane inayotumia kaseti ya video, ni rahisi zaidi: waya wake wa mwanga unapitisha chaneli zote nane kwa pamoja. Kaseti za traki nne ndizo zinahitaji subira. Deki ya kawaida itakupa traki mbili mbele na mbili kinyumenyume, mara nyingi kwa nusu ya kasi, na kwa kuwa utepe hautembei kwa mwendo uleule mara mbili, awamu mbili hazitakutana mpaka mwisho. Tafuta mashine yenye matundu manne ya kutolea, urekodi zote kwa mkupuo mmoja.

Kwako wewe mwenye R16, ukifungua PRJINFO.TXT na usielewe mpangilio wake, ibandike hapa tuisome pamoja, na useme mlirekodi kwa biti ngapi.