Kabla Hujakata Mkono wa Gia, Angalia Bushi

Vijana wengi wa hapa Malindi wenye magari ya manyuali wanataka gia fupi. Mkono uwe mdogo, gia ziingie kwa kiganja tu, tak, tak, kama kwenye video za mashindano. Gia ya Probox yangu nimeitengeneza kidogo kidogo, na msimamo wangu ni kwamba utamu wa gia haumo kwenye urefu wa mkono. Umo kule chini kusikoonekana. Ukifupisha mkono ilhali bushi, zile pete ndogo za plastiki au raba kwenye viungo vyake, zimekufa, umepata ubovu uleule, tena mgumu zaidi.

Anza na kipimo cha bure. Gari likiwa limezimwa, kanyaga klachi upitishe gia zote. Kisha washa, urudie. Zikiingia laini gari limezimwa lakini zinagoma likiwaka, klachi haikati vizuri: pengine mna hewa kwenye mfumo wake, au pampu imechoka. Hapo mkono wa gia hauna kosa, uache. Na kama mkono unasogea wenyewe mbele na nyuma kila unapokanyaga mafuta na kuachia, mtafute fundi akague maunting, yaani raba zinazoshikilia injini, kwanza. Lakini kama gari liko kwenye gia na bado mkono unacheza kushoto na kulia kama jino bovu, makala haya ni yako.

Kwenye magari mengi yanayovuta kwa mbele, mkono haugusi giaboksi kabisa. Zipo kebo mbili: moja huchagua mstari, nyingine husukuma gia yenyewe. Mwisho wa kila kebo umekaa kwenye pini, na katikati pana bushi ndogo ya plastiki au raba. Yangu ya upande wa giaboksi ilipotolewa, tundu lake lilikuwa limerefuka, si duara tena, na pini imeshika kutu ya rangi ya chai. Ndiyo pwani hiyo. Anayeendesha kila siku kupita Gongoni penye mashamba ya chumvi anajua chuma kinavyoliwa. Sasa piga hesabu: ikiwa mkono unakuza mwendo mara nne, uwazi wa milimita 2 kule chini unaufikia mkono wako kama milimita 8. Huko ndiko kulegea kunakotoka.

Duka la spea mara nyingi litakwambia bushi haiuzwi peke yake, ununue kebo nzima. Kabla hujakubali, nenda kwa fundi wa kukereza. Mpelekee kipimo cha pini na cha jicho la kebo. Ukimpa bushi ya zamani aige, atakukerezea ubovu wako upya. Wapo wanaopenda shaba, na kweli gia inakuwa kavu, inaingia kwa uhakika, ila kila mtetemo wa injini unapanda mkononi na gari linaanza kuimba. Mimi nimechagua nailoni. Grisi tia kidogo tu, maana vumbi la barabara ya Marafa likichanganyika na grisi nyingi linageuka msasa.

Wenye Hilux za zamani kazi yenu ni nyepesi zaidi. Mkono unaingia moja kwa moja kwenye giaboksi, na ncha yake inakalia kikombe cha plastiki ambacho hubadilishwa kutoka ndani ya gari.

Oili nayo. Ringi za shaba ndani ya giaboksi zinahitaji kushikana kidogo ili zilinganishe mwendo kabla gia haijaingia. Oili inayoteleza kupita kiasi inazinyima hilo. Weka oili ya giaboksi ya daraja la GL-4, unene wa 75W-90, kama kitabu cha gari hakisemi vingine, na muuzaji akikwambia oili ni oili, toka.

Ukishamaliza hayo na bado unataka gia fupi, haya, tuongee. Tuseme kutoka egemeo hadi kiganja chako ni sentimita 30, ukapunguza hadi 24. Mwendo wa mkono umepungua kwa moja ya tano, lakini nguvu unayohitaji imepanda kwa robo. Hakuna cha bure hapo. Kwenye foleni ya Mtwapa, bega ndilo litakalolipa.

Ndiyo maana napendelea kubadili kichwa cha gia, kile unachokishika kwa kiganja, badala ya kukata mkono. Kichwa kizito husaidia kusukuma gia ipite pale inapokwama kidogo, ukahisi ulaini. Cha chuma ndicho kizito zaidi, lakini gari likishinda juani kutwa nzima utakishika kwa leso. Hapa tuna wachongaji wa vinyago. Mwombe mmoja akuchongee cha mpingo, mti ambao ukiutupa majini unazama. Hautafikia uzito wa chuma, ila hauchomi. Ndani azamishe nati kwa gundi ya kuchanganya, na kwa Toyota tredi, yaani nyuzi za skrubu, ni milimita 12 kwa 1.25. Honda ni 10 kwa 1.5, msichanganye.

Usirudishe mfuniko wa katikati ya viti kabla ya kujaribu. Injini ikiwa imezimwa, ingiza kila gia mpaka mwisho, hasa ya tano na rivasi, ukitazama kama mkono unagonga chochote pembeni. Ukigonga, gia haijaingia yote, na itaruka ukiwa kwenye daraja la Sabaki na lori nyuma yako. Rekebisha kebo kwanza, ndipo ufunge skrubu.