Barua ya babu: itazame kabla ya kuisoma

Ndugu, umeuliza kama barua ya babu yako inafaa kuwekwa kwenye fremu ilhali mwandiko wenyewe hausomeki vizuri. Inafaa sana. Kwanza imulike kwa taa kutoka ubavuni, utaona kalamu ilivyokandamiza karatasi. Kama aliandika kwa kalamu ya kuchovya, mistari ya kushuka itakuwa minene, ya kupanda myembamba. Wino utafifia neno baada ya neno, kisha ghafla unakolea: hapo ndipo alipochovya tena. Mimi sehemu hizo huziangalia hadi chai inapoa. Rangi ya kahawia isikutishe. Wino wa zamani wenye madini ya chuma hugeuka hivyo. Ila kwenye fremu ya ukutani weka nakala, maana mwanga hufifisha wino. Na tafadhali, usiipige lamination!